Toyota IST otomatiki kwenye milima ya Mwanza: giaboksi imara, hendibreki ya kutazamwa kwanza

Gari la otomatiki linalofaa Mwanza halipimwi kwa mwendo wa barabara ya Nyerere. Lipime linapopanda Isamilo likiwa na watu watano ndani na kiyoyozi kimewashwa, linaposimama katikati ya kilima cha Bugando kwa sababu daladala mbele inashusha abiria, na zaidi ya yote pale dereva anapozima injini, anashuka na kuliacha limeinamia ziwa. Kwa kipimo hicho, Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, inapata alama za juu kwenye giaboksi na alama za wastani kwenye breki ya kuegesha, yaani hendibreki. Na matatizo mengi ambayo wenye IST wanayapeleka gereji yakiwa yameshaota mizizi yanaanzia sehemu moja: dereva anaamini kwamba herufi P (gia ya kuegesha) inatosha kulizuia gari mlimani. Haitoshi.

Tuanze na gari lenyewe. IST hiyo ilikuja na injini mbili: ya lita 1.3 (2NZ-FE, chesisi NCP60) na ya lita 1.5 (1NZ-FE, chesisi NCP61, na NCP65 kwa ile inayovuta kwa tairi nne). Zote zina giaboksi ya otomatiki ya gia nne yenye toki konveta. Ni mfumo wa zamani, hauna makeke, na mafundi wa Toyota wameuzoea. Kwa mtu wa Mwanza hiyo ni sifa kubwa kuliko gia nyingi au vitufe vingi. Toki konveta imejaa oili: injini inazungusha upande mmoja, oili inasukuma upande wa pili, na huo wa pili ndio unaozungusha giaboksi. Ndiyo maana gari linaweza kusimama likiwa D (gia ya kwenda mbele) bila injini kuzimika, na ukiachia breki linatambaa lenyewe. Faida yake mlimani ni kwamba wakati wa kuondoka konveta inazidisha nguvu ya injini, kwa hiyo hata hii ya 1.3 inaondoka bila kuhangaika sana. Tofauti ya 1.3 na 1.5 utaiona gari likishajaa. Ukikaa Bwiru, Isamilo au Capri Point na unabeba familia kila siku, chukua 1.5. Ukikaa Nyakato au Buzuruga na safari zako nyingi ni tambarare, 1.3 inatosha na utaokoa mafuta.

Wengi hulinganisha IST na Vitz ndogo ya lita 1.0 iliyoanza 2005. Ile Vitz ina giaboksi ya CVT, yaani haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Ni laini na inabana mafuta, lakini kwenye kilima kikali na mzigo injini yake inalia muda mrefu bila gari kwenda, na oili yake ni ya aina ya pekee. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT unaiua. Hata IST za kizazi cha pili, zilizoanza 2007, zipo zenye CVT, kwa hiyo usinunue oili kwa kuangalia jina la gari tu. Angalia namba ya chesisi.

Sasa namna giaboksi hii inavyofanya kazi mlimani. Ukiwa D kwenye mwinuko mrefu, utasikia inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne: inapanda, inakosa nguvu, inarudi, inapanda tena. Kila badiliko hilo linatia joto kwenye oili na linakula klachi za ndani. Dawa yake ni kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya nne). Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na giaboksi inakomea gia ya tatu. Kwenye kilima cha Bugando au Isamilo bonyeza kabla hujaanza kupanda. Ukifika juu, bonyeza tena taa izime. Kwenye safari ndefu ya tambarare, mathalani kutoka Usagara kwenda Shinyanga, iache gia ya nne ifanye kazi, la sivyo injini itazunguka sana na mafuta yataisha kabla ya wakati. Kuna tofauti ya kujua hapa: taa ya O/D OFF ikiwaka tu ni kitufe. Ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, kompyuta imeona hitilafu kwenye giaboksi, na gari lipelekwe likapimwe kwa mashine kabla ya kuendelea kupandisha milima.

Kushuka ndiko kunakotenganisha madereva. Tabia ya kuweka N (gia huru) kwenye mteremko ili "kuokoa mafuta" imeenea, na haina hata faida inayotafutwa. Gari la injini ya mfumo wa sindano likiwa D na mguu wako umeachia pedali ya mafuta, kompyuta inakata mafuta kwenye nozeli kwa sababu tairi ndizo zinazoizungusha injini. Ukiweka N, injini inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Kwa hiyo N inatumia zaidi, na juu ya hapo imekunyima msaada wa injini kupunguza mwendo, ukabaki na breki za miguu peke yake. Breki zikitumika mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, pedali inakuwa nyepesi au inazama, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Mbaya zaidi ni kuzima injini kabisa: buster ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama ubao, na usukani unakuwa mzito.

Njia sahihi ni kupunguza mwendo juu ya kilima, kabla ya mteremko, kisha kuweka 2. Hapo giaboksi haitapanda zaidi ya gia ya pili na injini italishika gari. Kwenye mteremko mkali kabisa, kama zile njia za vumbi zinazoshuka katikati ya mawe huko Bwiru na Mabatini, weka L, ambayo ni gia ya kwanza peke yake, ukiwa unatembea polepole sana. Usitupie L ukiwa kwenye mwendo wa 60. Breki unaigusa na kuiachia, huikalii.

Kwenye foleni ya mlimani kuna kosa lingine: kulishikilia gari kwa mafuta, mguu unacheza kwenye pedali ili lisirudi nyuma. Unaona gari limetulia, kumbe ndani ya konveta oili inachapwa bila kwenda popote na joto linapanda. Lishikilie kwa breki. Kama mlima ni mkali na unaogopa kurudi nyuma wakati wa kuhamisha mguu, vuta hendibreki, acha gia ikiwa D, kanyaga mafuta kidogo mpaka usikie gari linataka kwenda, kisha shusha hendibreki taratibu. Foleni ikisimama kwa muda mrefu, N pamoja na hendibreki ni sawa. Kwa kusimama kufupi baki D na mguu kwenye breki. Kuichezea gia D na N kila nusu dakika hakuna kinachookoa.

Tufike kwenye P. Ndani ya giaboksi kuna gurudumu lenye meno, na kuna kipande cha chuma, jino moja nene kiasi cha kidole, ambacho ukiweka P kinaingia katikati ya meno hayo. Basi. Hakuna pedi wala shuu. Gari la takriban tani moja likiachwa mlimani kwa P peke yake, uzito wote unaegemea ukingo wa jino hilo. Litashika, kweli, kwa siku nyingi litashika. Ila sikiliza wakati wa kuondoka: unavuta gia kutoka P, mkono unakuwa mzito, halafu "paa!" na gari zima linatikisika. Huo ndio mlio wa jino likichomolewa kwa nguvu chini ya uzito. Ukirudiwa kila asubuhi mwaka mzima, ukingo wa jino na wa meno unaanza kulika, maunti za injini (mipira inayoishikilia) zinachakaa, na siku moja jino linaweza kukaa juu ya jino jingine badala ya kuingia katikati. Gari linaonekana limesimama. Linasogea sentimita chache, likigongwa kidogo na gari jingine linateleza.

Mpangilio wa kuegesha kwenye mlima, kwa hiyo, ni huu, na hauhitaji zaidi ya sekunde kumi. Simama kabisa kwa breki ya mguu. Mguu ukiwa bado kwenye breki, weka N. Vuta hendibreki mpaka ishike. Achia breki ya mguu polepole, uone gari likikaa kwenye hendibreki. Litajisogeza kidogo sana kisha litatulia. Likiendelea kuteleza, hendibreki haishiki, na hilo umelijua ukiwa bado ndani ya gari. Likitulia, kanyaga breki tena, weka P, zima injini. Hapo P inabaki kama kinga ya pili, haibebi kitu. Wakati wa kuondoka geuza mpangilio: kanyaga breki, washa injini, weka D au R (ya kurudi nyuma) ukiwa bado umekanyaga, subiri gia iingie, halafu shusha hendibreki. Mlio wa "paa" hautausikia tena.

Kuna jambo la P ambalo wenye magari ya kuvuta kwa mbele hawaambiwi. P inafunga giaboksi, na giaboksi imeunganishwa na tairi mbili za mbele kupitia difu. Difu inaruhusu tairi moja izunguke huku na nyingine kule. Kwa hiyo tairi moja ya mbele ikikosa msuguano, imekaa juu ya matope, mchanga au sakafu iliyolowa kama ile ya Mwaloni Kirumba siku ya samaki wengi, ile tairi nyingine nayo inakuwa huru kuzunguka. Ndiyo sababu kubadilisha tairi ya mbele kwenye mteremko ukiwa umetegemea P ni hatari ya wazi: ukishapandisha tairi moja kwa jeki, P haishiki chochote, gari linasukuma jeki na kuanguka. Hendibreki ya IST inashika tairi za nyuma, na hizo ndizo zinazolizuia. Ukipata pancha mlimani sogea kwanza mpaka mahali palipo tambarare, hata kama rimu itaumia kidogo. Pasipowezekana, hendibreki juu, P, mawe kwenye tairi zinazobaki chini upande wa mteremko, legeza nati kabla ya kupandisha jeki. Na pancha ikiwa ya nyuma, kumbuka kwamba unanyanyua tairi mojawapo ya zile zinazoshikwa na hendibreki. Mawe hapo ni ya lazima.

Mawe Mwanza hayanunuliwi, lakini yana adabu yake. Tafuta jiwe lenye upande bapa na upande mwembamba, ulichomeke chini ya tairi kama kabari, likiwa limegusa mpira. Jiwe la duara linaviringika na gari. Ukiondoka, liondoe barabarani na uliweke kwenye ukingo. Kila anayeendesha bodaboda usiku jijini humu anajua kukutana na jiwe la tairi lililoachwa katikati ya lami, na hili ni jambo la kukasirikia.

Mwelekeo wa tairi za mbele nao unaokoa. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unapoegesha kushoto mwa barabara yenye kingo za zege: ukiwa umeelekea chini, geuza usukani kushoto ili gari likiteleza lijigonge kwenye kingo mara moja. Ukiwa umeelekea juu, geuza kulia, kisha liache lirudi nyuma taratibu mpaka tairi ya mbele kushoto iegemee kingo. Pasipo na kingo, geuza kushoto kwa hali zote mbili ili gari likishindwa kushika liende nje ya barabara badala ya kuvuka katikati ya watu. Lakini angalia kuna nini huko nje. Kwenye mitaa mingi ya milimani kwetu, kushoto mwa barabara kuna mtaro wazi, au kuna paa la nyumba ya jirani wa chini. Pakiwa hivyo, usiegeshe hapo. Hakuna mpangilio wa usukani unaotibu hilo.

Hendibreki yenyewe ndiyo sehemu ninayoipunguzia IST alama, ingawa kosa si lote la gari. Nyuma ina breki za drami (ngoma inayozunguka na tairi, na ndani yake shuu zinazotanuka kuishika), na hendibreki inavuta shuu hizo hizo kwa waya mbili. Zikiwa mpya na zimerekebishwa vizuri zinalishika gari lililojaa kwenye kilima chochote cha jiji. Tatizo ni kwamba magari mengi yaliyoko barabarani yamepita gereji ambako pedi za mbele hubadilishwa mara kwa mara na drami za nyuma hazifunguliwi mpaka zilie. Vumbi la njia za juu linajaa ndani, shuu zinalika, kirekebishi kinaganda kwa kutu, na lever ya hendibreki inapanda juu zaidi kila mwezi. Vuta ukiwa umezima injini na uhesabu milio ya "tik". Ikipita 9 hivi kabla ya kushika, imelegea.

Hapa fundi mvivu anakaza nati ya waya pale chini ya lever na kukurudishia gari. Lever itashika chini, utafurahi, lakini shuu ziko vilevile na sasa waya umevutwa muda wote, hivyo upande mmoja unaweza kuwa unasugua drami ukiwa unatembea. Dalili yake ni rimu moja ya nyuma kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari, na gari kuwa zito. Utaratibu sahihi ni kufungua drami zote mbili, kupuliza vumbi, kupima unene wa shuu, kuangalia kama silinda ndogo ya breki inavuja, kurekebisha shuu kwa kile kinati cha nyota ndani mpaka ziguse drami kwa mbali, ndipo waya urekebishwe mwishoni. Kazi hiyo ni ya saa chache na haihitaji spea za gharama kama shuu bado nene.

Mvua nayo. Mto Mirongo ukifurika na maji yakakaa barabarani, drami zinalowa na hendibreki inakuwa dhaifu kabisa kwa muda. Baada ya kupita maji, tembea polepole ukiwa umegusa breki kidogo mpaka uhisi zimerudi, ndipo upande mlimani kuegesha.

Upande wa pedali. Ajali nyingi za otomatiki wakati wa kuegesha hazisababishwi na gari kwenda lenyewe, japo ndivyo madereva husimulia. Mguu ulikuwa kwenye mafuta, ukidhani ni breki. Unapokanyaga na gari linaruka, hofu inakufanya ukanyage zaidi. Kinga ni tabia za mwili. Tumia mguu wa kulia peke yake kwa pedali zote mbili. Wa kushoto upumzike. Kisigino cha kulia kikae sakafuni mbele ya breki, na kwenda kwenye mafuta uzungushe vidole tu, bila kunyanyua mguu mzima. Ukigeuka kuangalia nyuma wakati wa kurudi, mwili unazunguka na mguu unahama bila wewe kujua, kwa hiyo rudisha kisigino mahali pake kabla ya kuweka R. Kandambili zinanasa kwenye pedali. Kapeti za kununua barabarani ambazo hazina ndoano zinateleza mbele na kukaa chini ya breki. Chupa ya maji iliyoviringika kutoka chini ya kiti inafanya kitu kilekile.

Kwenye uwanja wa kuegesha ulio tambarare, kama Rock City Mall au mitaa ya Kenyatta, mafuta hayahitajiki kabisa. IST inatambaa vizuri kwa D na kwa R, mwendo unaupima kwa kuachia breki kidogo kidogo. Asubuhi injini ikiwa baridi inazunguka haraka, hivyo gari linatambaa kwa nguvu zaidi. Kiyoyozi kikiingia pia linasukuma. Jiandae kwa breki. Kabla ya kubadili kutoka D kwenda R, au R kwenda D, simama kabisa. Weka gia, subiri ule mshtuko mdogo unaokuambia gia imeingia, ndipo uachie breki. Kubadili wakati gari bado linatembea kunazipiga klachi za ndani. Kuweka P gari likiwa linatembea kunatoa mlio wa "kre-kre-kre", jino likirukaruka juu ya meno.

Mazingira ya gereji ya nyumbani yenye njia inayopanda yanahitaji tahadhari ya ziada. Huko mafuta yanahitajika, na ukuta uko mbele. Kanyaga kidogo, tairi zikifika juu ya ukingo hamisha mguu kwenye breki kabla gari halijafika tambarare. Usishuke kufungua geti gari likiwa linawaka kwenye P bila hendibreki, na usimwachie mtoto ndani. IST ina kinga ya kuzuia gia isitoke P bila breki kukanyagwa, lakini kwenye magari ya umri huu kinga hiyo mara nyingi imeharibika au imefunguliwa na fundi.

Haya ndiyo ya kujaribu kabla ya kununua. Gari likiwa limewashwa na mguu haupo kwenye breki, gia isitoke P. Injini iwake kwenye P na N tu. Ikiwaka kwenye D, swichi ya gia imechezewa, na gari la namna hiyo linaweza kuruka mtu akigeuza ufunguo tu. Ufunguo usichomoke mpaka gia iwe P. Ukiwa D na breki umekanyaga, injini isitetemeshe usukani. Ikitetemesha, anza na maunti. Kisha omba ulipeleke mlimani likiwa na watu, siyo tambarare. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi za ndani zinateleza. Ukiweka D au R na gia ikachelewa zaidi ya sekunde mbili kuingia, oili ni pungufu au giaboksi imechoka. Juu ya kilima fanya ule mpangilio wa N na hendibreki, uone kama gari linashikwa. Muuzaji akikuambia "weka P tu, halina shida", hapo umeshajua drami hazijafunguliwa miaka mingi.

Tatizo moja dogo linalowatisha watu: gia inakataa kutoka P ghafla asubuhi. Mwambie mtu akuangalizie taa za breki nyuma. Zisipowaka ukikanyaga, kosa ni fyuzi ya taa hizo au swichi iliyo juu ya pedali, maana kinga ya gia inapata taarifa kutoka hapo. Karibu na lever ya gia kuna kitundu au kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta hendibreki, kanyaga breki, bonyeza hapo, na gia itatoka. Itumie kufika gereji. Huna taa za breki, kwa hiyo aliyeko nyuma yako hajui unaposimama.

Oili ya giaboksi ya IST hii ni aina ya T-IV. Dukani ukiomba "haidroliki" tu utapewa chochote chekundu kilichopo, kwa hiyo taja T-IV na usome kopo. Stiki ya kupimia ipo, na hapo inaishinda giaboksi nyingi mpya zisizo na stiki. Pima gari likiwa tambarare na limeshatembea mpaka likapata joto kamili, injini inawaka, hendibreki juu. Kanyaga breki, pitisha gia zote kutoka P hadi L na urudi P, chomoa stiki, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, chomoa tena. Oili iwe kwenye alama za HOT. Rangi nyekundu au nyekundu iliyofifia ni salama. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni klachi. Ya rangi ya maziwa ya pinki ni maji, mara nyingi kutoka kwenye rejeta, maana oili inapozwa humo. Gari hilo lisitembee tena mpaka litibiwe. Ukifungua nati ya chini zitatoka takriban lita 3 tu, nyingine inabaki kwenye konveta. Kwa milima yetu, kubadilisha hizo lita 3 kila kilomita 40,000 ni matunzo ya kutosha. Gari ambalo halijawahi kubadilishwa, lipe lita hizo kwa awamu badala ya kulisafisha kwa mashine kwa mkupuo.

Betri ikifa, usiwalipe vijana walisukume. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, pampu ya oili inaendeshwa na injini na bila hiyo hakuna kinachounganisha tairi na injini. Tafuta waya wa kubusti. Likiharibika kabisa, lipakiwe au livutwe tairi za mbele zikiwa juu. NCP65 ya tairi nne lazima zote ziwe juu. Kwa kamba, kama hakuna jinsi, ni N, polepole, na hadi pembeni ya barabara tu, siyo kutoka Nyegezi mpaka gereji ya Nyakato.

Kwenye kivuko, cha Kamanga au cha kwenda Ukerewe, panda rampu kwa L bila kukimbia, kwa sababu bampa ya mbele ya IST iko chini na inakwaruza pale rampu inapokutana na zege. Ukishapangwa, hendibreki kwanza, kisha P, zima injini. Chombo kinapinda na mawimbi, na gari lililoachwa kwa P peke yake linachezacheza mbele na nyuma juu ya lile jino kwa safari nzima, bampa yako ikiwa nusu mita kutoka kwenye mlango wa mwenzako.

Kwa bei inayouzwa ikilinganishwa na nyingine za ukubwa wake, na kwa spea zake kupatikana kirahisi jijini, IST ya 1.5 yenye gia nne bado ndiyo otomatiki ndogo ninayoipendekeza kwa anayeishi mlimani Mwanza. Tenga fedha ya drami za nyuma na ya oili T-IV siku hiyohiyo unayolipia gari, na ulifanyie kazi hizo kabla ya kulipandisha nyumbani kwa mara ya kwanza.